Gobore la marehemu na kifungo cha miaka 20

Mzee amefariki, matanga yamekwisha, watoto wanapanga upya nyumba. Darini juu ya jiko linatokea gobore lililoviringishwa kwenye gunia, kazi ya mhunzi wa kijiji, la enzi za kulinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Ushauri wa kijiweni, Kaisho na kwingineko wilayani Kyerwa mkoani Kagera, huwa wa aina tatu: litupwe Mto Kagera, lifukiwe kwenye migomba, au apelekewe mwenyekiti wa kitongoji alimalize kimya kimya. Wa kwanza unakufanya uonekane umeficha ushahidi, wa pili unakuachia kesi ndani ya shamba lako mwenyewe, na wa tatu unampa mtu mwingine siri ya kukuendesha nayo kwa miaka.

Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa. Akifa imekwisha, na mtoto hairithi kama anavyorithi kibanja. Hata kama marehemu alilipia kila alichodaiwa na kupeleka bunduki yake kwenye uhakiki wa mwaka 2016, anayebaki nayo bila kuiripoti anashika silaha isiyo na leseni. Na magobore mengi hayakuwahi kuwa na leseni hata siku moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi nafuu mtu kwa sababu bunduki yake ilitoka kwa mhunzi na si kiwandani. Wengi hudhani ubaya wa mwisho ni faini, wanasahau sheria ya pili. Kosa la kukutwa na silaha bila leseni limo pia kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu ya makosa ya jedwali hilo ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mkulima aliyekuwa akifukuza ngedere anasomewa shtaka chini ya sheria ileile anayoshtakiwa nayo msafirishaji wa meno ya tembo, na hakimu akishamtia hatiani hana ruhusa ya kushuka chini ya kiwango hicho, hata akimwonea huruma.

Ukubwa wa adhabu hiyo ndio mtaji wa wala rushwa. Tishio la miaka 20 linamtoa mtu ng'ombe, linamtoa kahawa ikiwa bado mbichi mtini, linamfanya asaini kuachia kiwanja. Ndugu wanaogombea mpaka wa shamba wanajua hilo, na taarifa ya "fulani ana silaha" mara nyingi hufika kituoni ikiwa imesukumwa na ugomvi wa urithi kuliko uchungu wa usalama. Afisa mwadilifu angepima taarifa ya namna hiyo. Asiye mwadilifu huiona kama msimu wa mavuno. Ukimlipa, hujanunua chochote: gobore liko palepale, umejiongezea kosa la rushwa, na aliyekula leo anajua njia ya kurudi kahawa ikiuzwa. Wapo pia wanaowekewa silaha ambayo hawakuwahi kuiona. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ililigusa bila kumung'unya maneno suala la raia kubambikiwa kesi. Anayekudai pesa ili "faili lisifunguliwe" aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113 kabla hujampa senti.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kusalimisha wakati wa msamaha. Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi ana uwezo wa kutangaza kipindi ambacho anayeleta silaha kwa hiari hashtakiwi kwa kuwa nayo, kama ilivyofanyika Septemba na Oktoba 2023. Silaha hupelekwa kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa ama kijiji. Usiondoke hapo bila maandishi yenye tarehe, jina na cheo cha aliyepokea. Tatizo ni kwamba kifo hakisubiri tangazo la waziri. Nje ya kipindi hicho hakuna kinga ya uhakika, ila kuna tofauti kubwa kati ya kuripoti siku ileile na kukaa kimya miezi sita. Mahakama ya Rufani ilishaeleza tangu miaka ya 1980 kwamba mtu huhesabiwa kuwa na kitu pale anapojua kipo na ana mamlaka nacho, au pale kilipoletwa kwa mpango wake. Aliyegundua gobore leo na kuripoti leo, kwa barua, akiwa na mtendaji wa kijiji na wanaukoo wawili, na gobore likiachwa lilipokutwa ili polisi walichukue wenyewe, ana hoja ya kusimama nayo. Aliyelihamishia chumbani kwake ameipunguza hoja hiyo kwa mikono yake.

Polisi wakija wao, kila hatua ina karatasi yake. Upekuzi wa nyumba, pasipo dharura inayotambuliwa na sheria, unahitaji hati, na hati hiyo hutekelezwa mchana isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Awepo shahidi asiye askari. Kilichochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji, usomewe kama hujui kusoma, nawe usisaini nafasi zilizoachwa wazi. Kwa gobore jambo hili lina uzito wa pekee. Mahakama zimelegeza kidogo masharti ya kufuatilia kielelezo mkono kwa mkono kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa, na bunduki ya kiwandani ina namba ya kuitambulisha. La mhunzi halina. Wakili makini atauliza lilitunzwa wapi, nani alimkabidhi nani, na linatofautianaje na mengine yaliyo stoo ya kituo. Maelezo ya onyo nayo yana muda wake, kwa kawaida saa 4 tangu kukamatwa, na una haki ya kunyamaza na ya kumwita ndugu au wakili. Mwisho, kesi ya uhujumu uchumi haiendeshwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi kwa kasoro ya kibali hicho, baada ya watu kukaa gerezani miaka. Asiye na fedha aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Utetezi wa adhabu hizi hautoki hewani. Karagwe ya zamani, kabla Kyerwa haijawa wilaya, ilipokea kambi za wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, na bunduki za kivita zilivuka pamoja na watu. Baadaye mabasi ya Kagera yalilazimika kusindikizwa na askari kwenye misitu kwa sababu ya majambazi, hadi Rais Kikwete akaamuru Operesheni Kimbunga mwaka 2013. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za ukanda huu zipige marufuku kabisa raia kumiliki silaha nyepesi za kivita na bunduki zinazojiendesha zenyewe. Hilo ni sahihi. Mwenye SMG porini hastahili kubembelezwa. Lakini itifaki hiyo yenyewe inatenganisha aina za silaha, nasi tukazirundika zote kwenye jedwali moja na kifungo kimoja. Mwaka uleule wa 2013 Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilionyesha msako usiobagua unavyoishia: raia waliteswa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao, akiwemo Khamis Kagasheki, wakati huo mbunge wa Bukoba Mjini.

Wahifadhi watasema gobore nalo huua tembo na watu, na kwamba tangu Ibanda-Kyerwa iwe hifadhi ya taifa mwaka 2019 hakuna nafasi ya kulegea. Gobore linaua, ni kweli. Lakini kwa sheria ilivyo, mwenye nalo akipiga hesabu anaona kulificha kuna nafuu kuliko kulipeleka, kwa hiyo linabaki darini hadi jangili aje kuliazima. Bunge lingeweka mlango wa kusalimisha ulio wazi mwaka mzima kwa silaha za kienyeji, na kumrudishia hakimu uwezo wa kupima adhabu, magobore mengi yangetoka yenyewe. Na jangili hawezi kujificha nyuma ya mlango huo, kwa kuwa ungemkinga tu aliyekuja kabla ya kupekuliwa, kwa kosa la kuwa na silaha peke yake. Damu iliyomwagwa nayo, ya mtu au ya mnyama, ingebaki na kesi yake.