Baada ya Upasuaji, Mgonjwa Anaishije?

Tuseme mama anayeuza mboga Waithaka amepasuliwa ngiri. Mshono umepona vizuri, lakini bado hawezi kubeba gunia wala kulala bila maumivu. Je, upasuaji umefaulu? Ili kujibu swali hilo, majaribio ya kitabibu yanayolinganisha njia za upasuaji hupima pia ubora wa maisha ya mgonjwa.

Kipimo kinachotumika sana duniani, na ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili, ni EQ-5D. Huuliza mambo 5: kutembea, kujihudumia (kama kuoga na kuvaa), shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha mgonjwa huipa afya yake ya siku hiyo alama kati ya 0 na 100.

Mambo ya kuzingatia:

1. Maswali huulizwa kabla ya upasuaji na kurudiwa baadaye. Bila majibu ya kwanza, hakuna cha kulinganisha.

2. Asiyeweza kusoma husomewa, lakini jibu hubaki kuwa lake.

3. Anayesema "niko sawa tu" ili kumfurahisha daktari huifanya njia mbaya ionekane nzuri, na wagonjwa wengine watapasuliwa vivyo hivyo.

4. Aliyezidiwa asipofuatiliwa nyumbani, matokeo huonekana mazuri kuliko hali halisi.

5. Kushiriki ni kwa hiari. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.