SOMO LA UFUNDI: KULINGANISHA SHAFTI YA INJINI NA YA PAMPU

Leo tutajifunza kulinganisha shafti ya injini ya dizeli na shafti ya pampu ya maji. Somo ni la vikundi vinavyolima kando ya Mto Tana, kutoka Balambala na Saka hadi Garissa na Masabubu. Hata mwenye mashine ya kusaga litamfaa.

Kwa nini tujifunze?

Pampu ya Tana haikai mahali pamoja. Mto ukipungua, tunaiteremsha kufuata maji. Mto ukijaa, tunaipandisha mbio mbio. Wazee wanakumbuka mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, na sote tuliona yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024. Kila tukiivuta, fremu hupinda kidogo na bolti hulegea. Shafti zilizokuwa zikitazamana sawasawa huachana.

Mara nyingi watu hufunga haraka na kuwasha, maana migomba na nyanya zina kiu. Injini inanguruma, maji yanatoka, kila mtu anafurahi. Kumbe beringi inakufa polepole! Itakatika wakati wa jua kali, na kitunguu hakingojei spea. Hapo akiba ya kikundi inaondoka, na lawama zinaanza.

Dalili za ubaya

- Beringi inapata moto kuliko kawaida.
- Raba ya kaplingi inasagika, unga mweusi unaanguka chini yake.
- Maji yanavuja kwenye shafti hata baada ya kubadilisha pakingi au sili.
- Bolti za miguu zinalegea kila mara.

Makosa ni ya aina mbili. Kwanza, shafti moja iko juu au kando ya nyingine: hii tuite kupishana. Pili, shafti moja imeinama: hii tuite kupinda. Makosa haya mawili yanaweza kuwa pamoja.

Vifaa

Spana, rula ya chuma iliyonyooka, chaki, vipande vya bati vya unene mbalimbali, na fila geji, ile ambayo mafundi hupimia nafasi ya valvu.

Hatua za kazi

1. Zimeni injini, fungeni mafuta, acheni ipoe. Asiwepo mwenye shuka, kikoi au buibui inayoning'inia karibu na shafti. Mashine haijui kusema pole.

2. Kazeni pampu kwanza. Mabomba yabebwe na nguzo zake, yasiivute pampu. Kuanzia hapo pampu haiguswi. Tutasogeza injini tu.

3. Legezeni bolti za miguu ya injini moja moja. Mguu ukiinuka, chini yake pana uwazi. Jazeni bati hapo, kisha kazeni tena kabla ya kwenda mguu wa pili.

4. Tieni alama moja ya chaki inayovuka nusu mbili za kaplingi. Zungusheni shafti zote mbili pamoja kwa mkono. Alama ikiwa juu, pimeni pengo hapo hapo kwenye alama. Fanyeni vivyo hivyo ikiwa kulia, chini na kushoto. Andikeni. Tunapima penye alama ile ile ili uso wa kaplingi uliochakaa usitudanganye. Hata wenye mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta hufanya hivi: hufunga kipimo kwenye shafti, wakaizungusha juu ya meza.

5. Ondoeni kupinda. Pengo la juu likizidi la chini, inueni miguu ya nyuma ya injini, ile iliyo mbali na pampu. Hesabu ni rahisi: tofauti ya mapengo, mara umbali kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, gawanya kwa upana wa kaplingi. Tuseme tofauti ni milimita 0.5, miguu imeachana milimita 450, na kaplingi ina upana wa milimita 150. Bati la milimita 1.5 linahitajika chini ya kila mguu wa nyuma. Mapengo ya kulia na kushoto yakitofautiana, sogezeni mwisho wa injini upande.

6. Ondoeni kupishana. Wekeni rula juu ya kaplingi, halafu ubavuni. Injini ikiwa chini, ongezeni bati la unene mmoja kwa miguu yote minne.

7. Kazeni bolti kwa kupishanisha pembe, kisha pimeni tena, maana kukaza kunaweza kusogeza. Fuateni kipimo cha kijitabu cha kaplingi. Kijitabu kikikosekana, lengeni tofauti isiyozidi milimita 0.1.

8. Rudisheni kinga ya kaplingi. Washeni kwa nusu saa, zimeni, funueni, pimeni tena kabla haijapoa, kwa sababu chuma chenye moto hutanuka. Jihadharini na bomba la moshi. Mkimaliza, kinga irudi mahali pake.

Kama mnatumia mkanda badala ya kaplingi, vuteni uzi kwenye nyuso za puli mbili. Kama puli zina kingo za unene mmoja, uzi uguse kila puli pande zote mbili. Mkanda ukiliwa upande mmoja, puli hazijalingana.

Ushauri kwa kikundi

Kazi hii asiachiwe mtu mmoja. Wafundisheni watu wawili au watatu, na akina mama wawemo, maana siku ya maji fundi anaweza kuwa safarini. Vipimo viandikwe kwenye daftari la kikundi, na mabati yawekwe kwenye kopo lake. Saa mbili za kupima si kitu mbele ya wiki nzima ya shamba kukauka.

Maswali ya kujadili

1. Pampu yetu ilihamishwa lini mara ya mwisho? Nani aliipima?
2. Mwaka jana tulinunua beringi ngapi, na kwa pesa ngapi?
3. Nani atafundishwa, na nani atashika daftari?

Kazi njema, na Mungu abariki mashamba yenu.