Somo kwa wazazi: Mpira wa kichwa na kumbukumbu ya mtoto

Jioni yoyote hapa Bujumbura, kutoka Buyenzi hadi Kamenge, vijana wetu wako uwanjani. Hatuwakatazi. Saido Berahino alizaliwa katika mji huu, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto, akacheza West Bromwich Albion, na mwaka 2019 akawa nahodha wa Burundi katika Kombe la Afrika. Mtoto wa mkimbizi akisikia habari hiyo, nani atamzuia?

Lakini klabu hiyohiyo ina habari nyingine. Jeff Astle, mshambuliaji wake wa zamani aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili yake ikiwa imekwisha. Afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba kililetwa na kazi yake: kupiga mpira kwa kichwa miaka mingi.

Je, pigo dogo linadhuruje? Ubongo ni laini, nao unaelea majini ndani ya fuvu. Mpira ukigonga paji la uso, fuvu linasukumwa kwanza, ubongo unafuata nyuma, na nyuzi zake nyembamba zinavutwa. Hakuna damu wala kuzimia, ndiyo maana hatushtuki.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, waliwapa wachezaji 19 mipira 20 ya kupiga kichwa, iliyorushwa kwa nguvu kama ya kona. Walipopimwa kumbukumbu mara baada ya hapo, uwezo wao ulishuka kwa asilimia 41 hadi 67. Ulirudi ndani ya saa 24. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto shingo yake bado dhaifu, na kichwa chake ni kizito kuliko mwili wake unavyoweza kukishika.

Sasa tufikirie nyumbani kwetu. Kijana amepiga vichwa hadi giza linaingia, na asubuhi, kabla saa 24 hazijaisha, anakaa darasani kusoma kwa Kifaransa ambacho hakukizoea kule Kongo. Akisahau, tunamwita mvivu. Wengine hata wanatafuta mchawi!

Marekani ilizuia vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini tangu mwaka 2015. Mwaka 2020 Uingereza, Scotland na Ireland Kaskazini ziliviondoa katika mazoezi ya watoto wa shule ya msingi. Sisi hatuhitaji sheria ya serikali. Tuongee na anayewafundisha: wadogo wacheze kwa miguu, na wakubwa wasirudierudie vichwa mazoezini, hasa siku za mitihani.

Mtoto aliyegongwa akaona kizunguzungu, kichwa kikauma au akasahau mambo, atoke uwanjani siku hiyo, asirudi mpaka apone kabisa. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.