Maji ya Vita katika Michezo ya Kompyuta

Mwenye kutaka kuonyesha vita vya majini katika mchezo wa kompyuta, na aanze ziwani. Shuka kutoka Mudende mpaka Gisenyi, usimame ukingoni mwa Kivu. Karibu na miguu waona mawe. Mbali waona mbingu tu. Basi kompyuta nayo lazima ihesabu pembe ya jicho: likitazama chini, maji yapitishe nuru, likitazama mbali, yaakisi.

Pili, mawimbi yalingane na chombo. Tarehe 26 Desemba 1915, katika Ziwa Tanganyika, Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani "Kingani" kwa mashua "Mimi" na "Toutou", zenye urefu wa futi 40. Ukizitia katika mawimbi ya bahari kuu, utaonyesha vita visivyopiganwa.