Damu Isiyoganda na Tohara

Mzee mmoja wa hapa Likoni alitujia darasani na suali zito. Mjukuu wake alipotahiriwa, damu ilimvuja siku tatu hata akavushwa kivukoni usiku kupelekwa hospitali ya mjini. Zamani mjombake mtoto huyo alikufa vivyo hivyo. Sasa jamaa za baba wasema mama ana kisirani, na mumewe ashikwa amwache. Je, ni haki?

Jawabu: si haki, wala hapana kisirani. Haya ni maradhi yajulikanayo kwa jina la himofilia. Tabibu wa Kiislamu, Abu al-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mnamo 1013, aliandika khabari za wanaume wa kijiji kimoja ambao wakijeruhiwa hutoka damu mpaka wakafa. Kwa nini wanaume? Hilo lilidhihiri karne nyingi baadaye.

Katika chembe za mwili wa binadamu mna nyuzi za urithi 46, ziitwazo kromosomu, nazo ni jozi 23. Jozi moja ndiyo ipambanuayo kiume na kike: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Maagizo ya kugandisha damu ambayo huharibika katika maradhi haya yamo ndani ya X. Mwanamke akiwa na X moja yenye ila, ile ya pili kwa kawaida humtosheleza. Mwanamume hana ya pili. X yake ameipata kwa mamake, na Y kwa babake. (Na wanaowalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu na wasikie hapo!) Basi mama mwenye kuibeba ila hii, kila mwana wa kiume amzaaye huwa nusu kwa nusu, ama mgonjwa ama mzima, na kila binti nusu kwa nusu kuibeba. Tena yapata thuluthi moja ya wagonjwa, ila huanza upya, pasipo aliyekuwa nayo katika ukoo.

Amma tohara, kwetu Mashafii ni wajibu, lakini ikikhofiwa mtoto kuangamia huakhirishwa mpaka kudhaniwe usalama. Mwenye mjomba au ndugu aliyevuja damu namna hii apimwe kwanza, kabla ya wembe wa ngariba, wala asipewe aspirini. Akionekana anayo, matabibu humtia mshipani kile kilichopungua katika damu yake, ndipo akatahiriwa.

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema yuko mjukuu wa pili, wa miezi minne. Tukamwambia avuke naye kesho asubuhi, na mamake afuatane nao.