Siku Moja, Vidato Vinne: Upatanisho Hauna Likizo

Na Mlezi wa Chama

Mhariri aliniomba somo la sarufi. Nikaona badala ya kuwamwagia kanuni tupu, heri niwatembeze katika vipindi vinne nilivyofundisha Jumanne moja ya muhula wa pili, mwaka wa 2018. Jambo nililoliona siku hiyo ni hili: kosa la kidato cha kwanza hupanda madarasa pamoja na mwenyewe. Mwishowe haliharibu alama tu, huharibu maana.

KIDATO CHA KWANZA: NGELI

Saa mbili kamili. Kabla sijashika chaki, mmoja akainua mkono: "Mwalimu, vitabu zangu zimebaki bweni." Hakuna aliyecheka, kwa maana wote husema hivyo hivyo. Nikaandika ubaoni:

Vitabu zangu zimebaki. (Si sanifu)
Vitabu vyangu vimebaki. (Sanifu)

Nomino ndiyo mwenye boma. Vivumishi na vitenzi vinavyoifuata huvaa sare yake. "Vitabu" vimo katika KI-VI, basi ni vyangu, vimebaki. "Magari" yamo katika LI-YA, basi ni yangu, yamefika. Ile "zi" inayopendwa sana mitaani ina kwao, nako ni U-ZI na I-ZI: kuta zimebomoka, kalamu zangu zimepotea. Hapo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kuipeleka kila mahali, ati kwa kuwa ni nyepesi mdomoni.

Akasimama mwingine: "Na kifaranga je, si kinaanza na ki?" Swali la maana hilo! Watu na wanyama hufuata A-WA hata umbo lao likifanana na KI-VI. Tunasema kifaranga wangu amekufa, vipofu wamefika. Usidanganywe na umbo. Uliza kwanza ni kitu gani kinachotajwa.

KIDATO CHA PILI: MNYAMBULIKO

Hapa tulikuwa na kauli ya kutendea. Wengi huikariri tu: pika, pikia, soma, somea. Mimi nikawapa jozi mbili:

Alihama Mombasa. / Alihamia Mombasa.
Alimkimbia polisi. / Alimkimbilia polisi.

Wa kwanza ameondoka Mombasa, wa pili ameingia. Katika jozi ya pili, mmoja anatoroka na mwenzake anatafuta msaada. Hebu fikiria ukiandikisha taarifa kituoni, halafu ukose hiyo "-li-" moja!

Wakati wa chai, msichana wa darasa hilo akanifuata afisini huku analia. Asubuhi alikuwa amempelekea mwalimu wa zamu barua: "Naomba ruhusa niende nyumbani kwa sababu shangazi yangu amefiwa." Mwalimu aliisoma kama ilivyoandikwa, yaani shangazi yu hai, ila ameondokewa na mtu wake. Akamwambia msichana angoje hadi Jumamosi. Kumbe aliyefariki ni shangazi mwenyewe, ambaye ndiye aliyemlea, na maziko yalikuwa kesho yake.

Tukaketi tukaiandika upya: "Nimefiwa na shangazi yangu." Anayefiwa ni yule aliyebaki na majonzi, aliyekufa hutajwa baada ya "na". Ruhusa ilitolewa kabla ya chakula cha mchana, naye akawahi kumzika shangazi yake. Ndugu msomaji, ukisikia mtu akisema sarufi ni ya mtihani tu, mkumbushe barua hiyo.

KIDATO CHA TATU: VIREJESHI

Kidato cha tatu wanajiona wamefika. Ugonjwa wao ni "mwenye". Mmoja alisoma insha yake kwa sauti: "Mtu mwenye alikuja na gari alituita." Neno "mwenye" huonyesha umilikaji. "Mwenye gari" ana gari lake, lakini "aliyekuja na gari" huenda ni dereva tu. Ukitaka kurejelea nomino, una njia mbili:

Kitabu nilichosoma.
Kitabu ambacho nilisoma.

Chagua mojawapo. Ukisema "ambacho nilichosoma" umevaa kofia mbili kichwa kimoja. Tena angalieni hiyo "cho": ni KI-VI ya kidato cha kwanza imerudi. Aliyeikimbia ngeli kule, huku hana pa kujificha.

KIDATO CHA NNE: UTATA WA MAANA

Saa nane mchana, githeri imeshiba tumboni na macho ni mazito. Nikawaamsha kwa sentensi moja: Otieno alimpigia Juma mpira. Ina maana gani? Tukapata tatu:

(a) Otieno alipiga mpira kuelekea kwa Juma.
(b) Otieno alipiga mpira kwa niaba ya Juma.
(c) Otieno alimpiga Juma kwa sababu ya mpira.

Yote hayo yanatoka katika kauli ya kutendea, ile ile ya kidato cha pili. Nikawakumbusha kwamba karatasi ya pili ya KCSE ina alama 80, na 40 kati yake ni za matumizi ya lugha. Ufahamu una 15, ufupisho 15, isimujamii 10.

Kijana mmoja akauliza, "Lakini mwalimu, nani aliamua kwamba hiki ndicho sanifu na chetu si sanifu?" Nikamjibu kwamba mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita na lahaja nyingine hazikuacha kuwa lugha kwa sababu hiyo. Usanifu ni makubaliano, ili aliye Lamu na aliye Kakamega waelewane katika maandishi.

TAMATI

Sisemi msipige gumzo uwanjani mpendavyo. Kila mahali na msemo wake. Ila unapoandika, msomaji hakuoni uso wala hasikii sauti yako. Ana maneno yako tu. Majina ya madarasa nayo yanapita: kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia mwaka wa 2024. Ngeli haziendi popote.

ZOEZI

Sahihisha:
1. Mayai zote zimeoza.
2. Kiboko kimetoka mtoni kikala mahindi.
3. Mzee mwenye tulimsalimia ni babu yangu.
4. Mwizi alimkimbilia polisi ili asikamatwe.

Majibu: 1. Mayai yote yameoza. 2. Kiboko ametoka mtoni akala mahindi (kiboko cha kuchapia ndicho hubaki katika KI-VI). 3. Mzee tuliyemsalimia, au ambaye tulimsalimia. 4. Alimkimbia.

Aliyepata yote manne, hongera. Aliyekosa, mlango wa afisi yangu u wazi.