Usilipie Maji: Jinsi ya Kuchagua Kuni na Peleti Wakati wa Baridi ya Gusii

Keroka, Manga na kule Borabu, mwinuko unakaribia mita 2,000 na jioni za Juni na Julai haziendi bila moto. Karibu kila boma lina mikaratusi yake, na asiyenayo hununua kuni kwa jirani au sokoni. Wengi huuliza bei kwanza. Swali la maana zaidi ni moja: mti huu ulikatwa lini?

Mkaratusi uliokatwa juzi una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukipimiwa kilo 10, umebeba kilo 5 za mti na kilo 5 za maji, na umelipia zote kwa bei moja. Viwanda vya chai, vikiwemo vya Kebirigo, Sanganyi na Nyamache, hununua kuni kwa mita za ujazo, na mpangilio huo una akili: fungu la kuni haliongezeki ukubwa kwa kuloa. Nawe ukiweza, nunua kwa tita au kwa fungu lililopangwa, usinunue kwa mizani.

Lakini hata ukikwepa kuyalipia, maji hayo utayachemsha tu. Kila kilo ya maji ndani ya ukuni hutaka joto la megajuli 2.6 hivi ili igeuke mvuke, wakati kilo ya mti mkavu kabisa hutoa karibu 18. Piga hesabu ya zile kilo 10 mbichi utaona sehemu moja kati ya saba ya joto imepotea kwa mvuke. Kinachouma zaidi ni moshi. Moto unaohangaika na maji haufikii ukali wa kuchoma gesi zinazotoka kwenye mti, kwa hiyo gesi hizo huishia kwenye masizi ya sufuria, macho ya mpishi na kifua cha mtoto aliye mgongoni.

Kupima ukavu hakuhitaji mtambo. Chukua vipande viwili uvigonganishe: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mshindo mzito uliozibwa. Angalia ncha za ukuni. Mti uliokauka huwa na nyufa zinazotoka kwenye kiini kuelekea ganda, na ganda lenyewe hubanduka kwa kidole. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji akupasulie kipande kimoja na uguse uso wa ndani, kwani nje panaweza kukaushwa na jua la siku mbili huku ndani pangali pabichi. Muuzaji akikataa kukupasulia, nenda kwa mwingine. Na ukifika nyumbani ukuni ukatoa povu nchani na kulia "sss" motoni, uondoe, ukae wiki kadhaa.

Kuhusu aina ya mti, mabishano ni mengi kuliko tofauti zenyewe. Kwa uzito uleule na ukavu uleule, miti karibu yote hutoa joto linalolingana. Kinachotofautiana ni uzito wa kipande na kasi ya kuwaka. Mkaratusi na mwati (ule ambao ganda lake husindika ngozi) ni mizito na makaa yake hudumu. Mgrevilea ni mwepesi kiasi, na mparachichi ni mwepesi zaidi. Msaipresi una utomvu, huwaka haraka na kurusha cheche: ni mzuri wa kuwashia, si wa kukesha nao. Matawi ya mibuni iliyopogolewa ni kuni nzuri ajabu kwa jiko dogo. Ya majani chai pia huwaka vizuri, ila wataalamu wa chai hushauri yaachwe shambani yarutubishe udongo, na mimi nakubaliana nao. Mkaratusi wenyewe una kesi yake: mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza uondolewe karibu na vyanzo vya maji. Kama unapanda wa kuni, panda mlimani, mbali na mto.

Sasa ukaushaji, ambao ndio kazi yenyewe. Mvua ya Gusii haina likizo ndefu, na kipindi kikavu cha kutegemea ni Desemba hadi Februari. Kata na upasue kabla yake. Mkaratusi upasue ungali mbichi, maana ukikauka utakuvunjia mpini wa shoka. Gogo zima lenye ganda linaweza kumaliza mwaka bila kukauka ndani, lakini vipande vya unene wa kifundo cha mkono, vikipata hewa, huhitaji miezi mitatu hadi sita. Vipange juu ya mawe visiguse ardhi, weka mabati juu na uache pande wazi. Kosa la kawaida ni kufunika rundo lote kwa karatasi ya nailoni hadi chini. Kuni hutoka jasho humo ndani na kuota ukungu. Andika tarehe kwa chaki kwenye kila fungu. Uchaga wa juu ya jiko ni mzuri kwa kuni za wiki hii, mradi miali isiufikie.

Kuna miti isiyofaa kuingia jikoni hata ikauke vipi. Mabaki ya nguzo za umeme na za ua yenye rangi ya kijani yametiwa dawa yenye aseniki, na sumu hiyo hubaki katika moshi na majivu. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami, mbao zenye rangi na vipande vya plaiwudi viache pia. Majivu yake usiyamwage kwenye sukuma wiki.

Kwa mwenye jiko la peleti, yaani tembe za vumbi la mbao lililoshindiliwa, kanuni haibadiliki: ukavu kwanza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17225-2, daraja la juu, kinataka unyevu usiozidi asilimia 10, majivu yasiyozidi asilimia 0.7, na kipenyo cha milimita 6 au 8. Tembe nzuri ina uso laini unaong'aa na hukatika kwa mlio. Tikisa mfuko na utazame chini: vumbi jingi ni dalili kwamba tembe ni dhaifu au ziliingiwa na unyevu. Tumbukiza moja ndani ya glasi ya maji. Itazama, ivimbe, kisha iwe vumbi tena, ndiyo maana mfuko uliopasuka wakati wa mvua si wa kununua hata kwa nusu bei. Uliza pia zimetengenezwa kwa nini. Maganda ya mpunga huacha majivu mengi mno, yanayoweza kufika moja ya tano ya uzito.

Mwisho, jiko la makaa chumbani. Halina moshi, na kwa sababu hiyo watu huliamini, kumbe ndilo hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ota moto jikoni pakiwa na mlango au dirisha wazi, kisha uliache jiko nje unapokwenda kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, usingoje kujua ni malaria au la: fungua milango, watoe wote nje wapate hewa, na uwafikishe hospitalini usiku huohuo.